Programu ya picha inaganda nikifika leya ya tatu. RAM nimeongeza, formati nimepiga mara mbili, bado

lenzi_ya_ziwa, Kisumu. Jumapili saa tatu usiku

Wadau, hamjambo. Naomba msaada, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia nipige formati, yaani nifute diski na kuanza upya, kwa sababu formati nimeshapiga mara mbili.

Nina kibanda cha picha hapa Kondele. Harusi zipo, lakini kazi inayolipa kodi ni picha za matanga. Familia inakuja Jumanne au Jumatano na picha ya marehemu, mara nyingi ile ndogo ya pasipoti, au mtu aliyekatwa kutoka kwenye picha ya watu kumi. Wanataka isafishwe, ikuzwe, moja iende kwenye jalada la kitabu cha mazishi na nyingine itiwe fremu isimame kando ya jeneza. Mazishi ni Ijumaa au Jumamosi. Mchapishaji anataka faili Alhamisi asubuhi. Kwa kazi hii huwezi kumwambia mteja arudi wiki ijayo.

Laptopu ni ex-UK, i5, huu ni mwaka wa tatu ninayo. Diski ni ile ya kuzunguka, 500 GB. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa 8 GB. Programu ya kuhariri nailipia kila mwezi. Ile picha ya zamani naipiga upya kwa kamera ya megapikseli 24, naifungua kwenye laptopu, naanza kusafisha.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Programu inafunguka, polepole lakini inafunguka. Leya ya kwanza, yaani tabaka la kwanza la picha, sawa, ya pili sawa. Nikiongeza ya tatu na kushika brashi ya kuondoa madoa, dirisha linapauka kama limemwagiwa maziwa, juu panaandikwa Not Responding, na kile kiduara kinaanza kuzunguka. Kuna siku inarudi baada ya dakika mbili. Kuna siku hairudi kabisa, nabonyeza kitufe cha stima mpaka izime.

Fundi wa kwanza alipiga formati kwa shilingi 1,500. Nikakaa wiki moja raha mustarehe, ikarudi pale pale. Fundi wa pili akasema RAM ni kidogo, akaniuzia nyingine, sasa ni 16 GB. Bado. Naye akapiga formati. Wiki moja tena, kisha yale yale.

Kilichonileta hapa ni kazi ya wiki iliyopita. Familia kutoka Siaya ilileta picha ya mzee wao, ya pekee waliyokuwa nayo, imekunjwa miaka mingi ndani ya pochi na mkunjo umepita katikati ya jicho la kushoto. Nilikaa na lile jicho saa mbili nzima. Nilikuwa nimelipata. Kisha ikaganda na haikurudi. Nikaanza upya, nikamaliza saa kumi alfajiri. Familia ilishukuru sana na hakuna aliyeona kasoro, lakini mimi najua jicho la kwanza lilikuwa la yule mzee, na la pili lilikuwa jicho tu.

Msinionee huruma, nisaidieni nijue shida iko wapi.

mama_albamu, Bungoma. Jumapili saa nne usiku

Pole sana ndugu yangu. Kabla wenye ujuzi hawajafika, nikuachie mambo mawili ya kukuokoa wiki hii.

La kwanza, yale maandishi ya Not Responding hayamaanishi programu imekufa. Windows huyaweka pale programu inapokaa sekunde 5 hivi bila kuitika. Inaweza kuwa bado iko kazini, haina tu nafasi ya kukujibu. Usiizime haraka. Mimi huondoka, nachemsha chai, narudi. Mara nyingi nimekuta kazi yangu iko salama.

La pili, ingia kwenye mipangilio ya programu yako, sehemu ya kuhifadhi faili, utafute mahali inapojihifadhia nakala ya dharura yenyewe. Nyingi huja zimewekwa dakika 10. Weka 5. Na kidole kizoee Ctrl na S kila ukimaliza kipande kidogo. Jicho likikaa vizuri, Ctrl S kabla hujapumua.

bonde_la_picha, Nakuru. Jumapili saa nne na nusu usiku

Una uhakika hiyo programu si ya kuvunjwa kufuli, yaani ya wizi? Nauliza kwa sababu mimi niliumwa na nyoka huyo. Nitaeleza kesho, niko njiani natoka kwa harusi.

lenzi_ya_ziwa, Kisumu

Nina uhakika. Risiti ninazo kila mwezi.

mwalimu_wa_maabara, Kakamega. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi

Ndugu wa Kisumu, umeeleza vizuri kuliko wengi. Lakini nasikitika kuona mafundi wawili wamekula pesa zako na hakuna hata mmoja aliyeitazama mashine ikiwa imeganda. Formati ni dawa ya kubahatisha. RAM nayo ilikuwa dawa ya kubahatisha, ila hii angalau umebaki nayo.

Usinunue kitu kingine chochote. Fanya hivi leo. Kabla ya kufungua programu ya picha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda sehemu ya Performance, uliache hilo dirisha wazi pembeni. Kisha fanya kazi kama kawaida mpaka igande. Hapo ndipo utazame, si kabla wala si baada. Unipe namba za CPU (prosesa), za Memory (RAM) na za Disk. Kwenye Disk kuna namba moja ndogo watu huipuuza, inaitwa Average response time. Hiyo naitaka kuliko zote.

Na ikiwa imeganda, jaribu mambo mawili. Kishale cha kipanya kinasogea? Ukibonyeza Caps Lock, kile kitaa kinawaka na kuzima? Nauliza kwa sababu kuganda si kwa aina moja. Kama kishale kimekufa na kitaa hakibadiliki, mashine nzima imesimama, na hapo nashuku RAM yenyewe, joto, au draiva, yaani programu ndogo inayoongoza kifaa. Kama kishale kinatembea na unaweza kufungua programu nyingine bila shida, tatizo liko ndani ya programu ya picha au kadi ya michoro. Kama kila kitu kinatembea lakini kwa kujikokota, hata menyu ya Start inachukua nusu dakika kufunguka, basi mashine inasubiri kitu, na mara nyingi kinachosubiriwa ni diski.

taa_ya_nyalenda, Kisumu. Jumatatu saa tatu asubuhi

Mwalimu, na joto je? Mimi niko Nyalenda na laptopu yangu ilikuwa inaganda hivyo hivyo mpaka nilipoifungua. Feni ilikuwa imevaa blanketi la vumbi. Huku kwetu saa nane mchana chini ya mabati unaweza kukaanga yai juu ya kibodi. Nadhani kwanza aisafishe.

mwalimu_wa_maabara, Kakamega

Dada, joto ni tatizo la kweli na kusafisha hakudhuru. Ila joto lina tabia yake. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Basi utaona mashine inaanza vizuri, halafu baada ya dakika ishirini za kazi nzito, tuseme unatoa picha mia mbili za harusi kwa mkupuo, inalegea pole pole huku feni inapiga kelele. Yeye anaganda akiwa na picha moja tu, tena hadi usiku wa manane kukiwa na ubaridi. Simwondoi mshukiwa huyo, lakini namweka nyuma.

Ukisafisha feni kwa kipulizo, ishikilie kwa kijiti isizunguke. Ikizungushwa kwa upepo mkali inaharibika.

omera_wa_stima, Kisumu. Jumatatu adhuhuri

Omera, chaja yako ni ya asili au ulinunua ile ya barabarani? Kuna laptopu ambazo zisipoitambua chaja, prosesa inafungwa kasi hata kama betri inajaa vizuri. Nilihangaika miezi minne na hilo. Na angalia pia usiwe umeacha hali ya kubana betri, maana stima zikipotea ukahamia betri, inaweza kujiweka yenyewe.

lenzi_ya_ziwa, Kisumu. Jumatatu saa nne usiku

Chaja ni ile iliyokuja nayo. Asante omera.

Mwalimu, nimefanya ulivyosema. Nimefungua picha ya mtihani, leya tatu, brashi, ikaganda. Kishale kinasogea. Caps Lock inawaka. Start ilichukua karibu dakika moja kufunguka. Namba ni hizi: CPU asilimia 9. Memory asilimia 61. Disk asilimia 100. Lakini hapo chini kwenye kasi ya kusoma inaonyesha 0.4 MB kwa sekunde. Ile Average response time ilikuwa inaruka, kuna wakati ilifika 4,800 ms (milisekunde).

Tena kuna kitu nilikuwa sijakizingatia. Nilipozima redio nikasikia laptopu inatoa sauti, tk, tk, kimya, tk. Upande wa kushoto chini.

mwalimu_wa_maabara, Kakamega. Jumatatu saa nne na robo usiku

Acha kila kitu. Zima programu ya picha. Tafuta diski ya nje au flashi kubwa na uanze kunakili kazi za wateja sasa hivi, usiku huu. Anza na zisizo na nakala popote pengine. Ukimaliza ndipo uendelee kusoma nitakayoandika.

Usipige formati. Usiendeshe ukaguzi wa diski wa Windows, hasa ule wa kupekua diski nzima kutafuta sehemu mbovu. Diski inayokufa ukiitwisha mzigo wa saa sita inaweza kufa katikati ya safari.

mwalimu_wa_maabara, Kakamega. Jumatatu saa tano usiku

Sasa nieleze, maana nataka na wengine waelewe.

Diski za kuzunguka za laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kichwa cha kusomea kikitafuta kitu, kinahitaji muda wa kufika mahali pake na kusubiri sehemu ile izunguke ije. Kwa hiyo diski nzima ya aina hiyo hujibu ndani ya milisekunde kumi na kitu, ikiwa na kazi nyingi labda mia moja au zaidi kidogo. Yako imejibu kwa 4,800. Hizo ni karibu sekunde tano kwa ombi moja!

Tazama na ile asilimia 100. Watu wakiona diski iko asilimia 100 hudhani inasoma vitu vingi. Sivyo. Inamaanisha haikupumzika hata kidogo katika muda ule. Mfikirie mwenye mkokoteni pale Kibuye siku ya Jumapili. Unaweza kumwona anatoa jasho kutwa nzima, lakini gurudumu limeingia mtaroni na anasukuma gunia lile lile moja. Diski yako inasoma sehemu moja, haisomeki, inarudia, inarudia, na hiyo tk tk ndiyo kichwa kinarudi nyumbani na kujaribu tena. Wakati huo programu ya picha imesimama mlangoni inasubiri.

Kwa nini leya ya tatu? Tupige hesabu. Megapikseli 24 ni 6,000 kwa 4,000. Kila pikseli ina rangi tatu, na ukifanya kazi kwa biti 16 kila rangi inachukua baiti 2. Hiyo ni baiti milioni 144 kwa leya moja iliyojaa. Leya tatu ni kama 432 MB, na juu yake programu inakumbuka hatua zako za nyuma ili uweze kutengua. Kwa RAM ya 16 GB hayo yanaenea, na ndiyo maana Memory yako haikufika hata asilimia 70. RAM haikuwa kosa.

Lakini programu hizi kubwa hazisubiri RAM ijae ndipo ziguse diski. Zinaweka faili la muda kwenye diski tangu zinapofunguka, na faili hilo linakua kadiri unavyoongeza kazi. Nadhani likifikia ukubwa fulani linaangukia eneo bovu. Leya mbili haliligusi, ya tatu linaligusa.

Na hiyo inajibu fumbo la formati. Formati ya haraka haiponyi diski. Inafuta orodha tu na kuanza kuandika upya. Vitu vikapangwa mahali pengine, ukapata wiki moja ya amani, diski ikajaa tena hadi kwenye ubovu. Fundi alidhani amekuponya kwa sababu hukurudi siku ya pili.

Ukishanakili, weka programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Utazame rangi juu, na mistari mitatu yenye alama 05, C5 na C6. Hizo ni hesabu za sehemu zilizohamishwa, zinazosubiri hukumu, na zilizoshindikana. Kwa diski yenye afya namba zake ghafi huwa sifuri.

lenzi_ya_ziwa, Kisumu. Jumanne saa nane usiku

Imeandika Caution kwa rangi ya manjano. 05 si sifuri. C5 si sifuri, na tangu nianze kunakili imepanda mara mbili.

Nimenakili karibu kila kitu. Folda moja imekataa, harusi ya Ahero ya miaka mitatu iliyopita, picha 11 hazisomeki. Kukicha nitawapigia wenyewe niwaambie ukweli. Sikuwahi kuwawekea nakala ya pili, na nilipaswa.

mama_albamu, Bungoma

Pole. Wapigie kweli. Mara nyingi wenye harusi wana ile flashi uliyowapa.

bonde_la_picha, Nakuru. Jumanne saa mbili asubuhi

Nilisema nitaeleza, ingawa wa Kisumu ugonjwa wake umeshajulikana. Huenda kuna mtu anasoma uzi huu mwenye ugonjwa wangu.

Mimi hupiga picha za ndege, heroe na mwari wa Ziwa Nakuru, nauza kwa watalii na kwa watengeneza kalenda. Miaka miwili nilitumia programu niliyopewa kwenye flashi, iliyovunjwa kufuli, bila malipo. Ilianza kuganda. Feni inavuma kama kinu cha posho hata nisipofanya kitu. Nikifungua Task Manager, kila kitu kinatulia, CPU inashuka hadi asilimia tano. Nikiifunga, feni inarudi kuvuma. Nilidhani nachanganyikiwa.

Jirani yangu anayesomea kompyuta ndiye aliyegundua. Ndani ya ule uvunjaji kufuli mlikuwa na programu iliyojificha inayochimba sarafu za kidijitali kwa ajili ya mtu mwingine, kwa stima yangu na prosesa yangu. Iliandikwa ijinyamazishe mara tu Task Manager inapofunguliwa. Na maelekezo ya usakinishaji yalikuwa yameniambia nizime antivirusi kwanza. Niliizima kwa mkono wangu.

Tulifuta diski yote. Sasa nafungulia faili ghafi za kamera kwa darktable, na kusafisha nafanyia kwenye GIMP. Zote mbili ni za bure kwa haki, hakuna kufuli la kuvunja. GIMP ipo tangu 1996, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, sasa vichujio vinaweza kubaki juu ya leya bila kuiharibu picha ya chini, jambo tulilokuwa tunaliomba siku nyingi. Si rahisi ukizoea programu nyingine, vidole vinatafuta vitufe visivyopo kwa mwezi mzima. Lakini usiku nalala.

mwanafunzi_maseno. Jumanne saa sita mchana

Samahani kuingilia. Mimi yangu inaganda sekunde chache tu, lakini nafanyia kazi moja kwa moja kwenye flashi kwa sababu laptopu imejaa. Diski C imebaki na GB 3. Ni ugonjwa huo huo?

mwalimu_wa_maabara, Kakamega

Si huo, mdogo wangu, wako ni nafasi. Lile faili la muda nililolitaja linahitaji mahali pa kukaa, na GB 3 ni kama kumkaribisha mgeni kwenye chumba kilichojaa magunia. Hamisha vitu mpaka ubaki na angalau GB 30 au 40 tupu. Na usiharirie juu ya flashi wala kadi ya kamera. Nakili ndani, fanya kazi, rudisha nje. Kama ni lazima diski ya nje, chomeka kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ndani yake ni buluu. USB 2 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, USB 3 ya kwanza ni gigabiti 5. Tofauti yake utaiona kwa macho.

lenzi_ya_ziwa, Kisumu. Jumatano saa moja usiku

Habari wadau. Wenye harusi ya Ahero wana flashi yao, picha zote 11 zimo. Bibi harusi alicheka, akasema hata hakujua kwamba mimi bado ninazo. Nimezinakili upya mahali pawili.

Nimenunua SSD ya 480 GB, diski isiyozunguka, ile inayoingia pale pale ilipokaa diski ya zamani. Kuhamisha mfumo mzima kama ulivyo kulishindikana, kila mara kulikwama asilimia 37, pale penye ubovu. Nikasakinisha Windows upya na kurudisha faili kwa mkono. Laptopu sasa inawaka kwa sekunde kumi na kitu. Zamani ningetoka, ninunue mandazi, nirudi.

Lakini sitasema uongo, bado kuna kitu. Leya tatu sawa, hata kumi sawa, haigandi tena kwa mtindo ule. Ila nikikuza picha sana huku nimeshika brashi, kioo kinakuwa cheusi kama sekunde mbili, kisha programu inajifunga. Imetokea mara nne leo. Disk iko asilimia 2. Kesho ni Alhamisi, nina kazi mbili za matanga. Nimeanza kuogopa.

mwalimu_wa_maabara, Kakamega. Jumatano saa moja na nusu usiku

Usiogope. Huo ni ugonjwa wa pili, na dalili zake ni tofauti kabisa. Diski haina hatia sasa. Kioo kikizima na kuwaka ukiwa unakuza au kuzungusha picha, hiyo ni kadi ya michoro, na hasa draiva yake. Programu za picha huikabidhi kadi ya michoro kazi ya kukuza, kuzungusha na baadhi ya brashi. Wewe umesakinisha Windows upya, nayo imekuwekea draiva ya jumla au ya zamani. Inatosha kutazamia filamu, lakini kazi yako ni nzito kuliko filamu.

Fanya jaribio kwanza. Mipangilio ya programu, sehemu ya Performance, ondoa alama kwenye kutumia kadi ya michoro. Funga programu, fungua, kuza picha. Kama haijifungi, tumempata mwizi. Kwa kazi za kesho iache hivyo hivyo, itakuwa nzito kidogo ila haitakuangusha. Ukipata nafasi, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu au wa kadi yenyewe, uandike modeli kamili, upakue draiva ya hapo. Si kutoka kwenye zile tovuti zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja. Hizo ziepuke kama ukoma.

Ikiendelea hata baada ya hapo, washa programu huku umeshikilia Shift, ikuulize kama iache programu-jalizi za nje, vile viongezo ulivyosakinisha juu yake. Kama hapo inatulia, mojawapo ya jalizi ndiyo mkorofi. Kuweka mipangilio upya nako husaidia, lakini hayo yaache ya mwisho kwa sababu utapoteza njia zako za mkato.

taa_ya_nyalenda, Kisumu

Lenzi, mimi niko dakika kumi kutoka kwako kwa boda. Nina laptopu ya pili yenye programu ile ile. Kesho alfajiri ikikuangusha nipigie, nitakuletea.

lenzi_ya_ziwa, Kisumu. Alhamisi saa nne asubuhi

Dada, Mungu akubariki. Haikuhitajika. Niliondoa ile alama na haijajifunga hata mara moja. Kazi zote mbili zimefika kwa mchapishaji saa tatu.

lenzi_ya_ziwa, Kisumu. Jumamosi saa tano usiku

Draiva nimepakua kwenye tovuti ya mtengenezaji, nikarudisha ile alama, nikafanya kazi kutwa. Kimya. Nikafungua na sehemu ya chini kusafisha feni kwa kipulizo na kijiti, kama alivyoelekezwa dada, na vumbi lililotoka lilinitisha. Diski ya zamani nimeifunga kwa utepe mwekundu na kuiandikia MBOVU, mtu asije akaitumia.

Mwalimu alipouliza Average response time sikujua hata kwamba kuna namba kama hiyo. Mafundi wawili walikaa na hii mashine siku nzima kila mmoja, na namba ilikuwa pale pale kwenye kioo.

Sasa naandika kwa sababu ya jambo jingine. Jioni hii, baada ya kufunga kibanda, nilifungua tena ile picha ya mzee wa Siaya, ile ya awali yenye mkunjo. Nilianza saa mbili. Nimeweka leya saba, moja ya mkunjo, moja ya ngozi chini ya kope, moja ya ule mng'ao mdogo ulio kwenye mboni, ambao safari ya pili niliuweka mkubwa mno ndiyo maana jicho likakosa uhai. Ctrl S kila baada ya mistari mitatu ya brashi.

Limekaa. Nimempigia mwanawe, nimemwambia nina picha nyingine ya baba yao, sitaki malipo, waipitie wakija mjini waitundike nyumbani badala ya ile. Amesema watapita Jumatatu.